Paul Ngei: Mfungwa wa Kapenguria aliyebadilishiwa Katiba

ALASIRI moja ya Desemba 1975, wabunge wa Kenya walifanya kazi ambayo kwa kawaida huchukua majuma kadhaa. Mswada wa kubadilisha Katiba uliwasilishwa, ukasomwa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, kisha ukapitishwa kabla waheshimiwa hawajaondoka kwenda nyumbani. Mswada huo haukuhusu mipaka ya nchi, wala kodi, wala ardhi. Ulimhusu mtu mmoja, ingawa jina lake halikuandikwa popote ndani yake.

Mtu huyo alikuwa Paul Ngei wa Kangundo, mfungwa wa zamani wa Kapenguria na waziri wa miaka mingi, ambaye mahakama ilikuwa imempokonya kiti chake na haki ya kugombea kingine kwa muda wa miaka 5. Hadi leo wanasheria huyaita mabadiliko hayo kwa jina lake, Marekebisho ya Ngei.

Nchini Kenya Ngei hukumbukwa sana kwa vituko. Husimuliwa habari za madeni yake, za magari aliyoyachukua kuyajaribu barabarani na kusahau kuyarudisha dukani, na za ulimi wake uliowachekesha hata mahasimu wake. Masimulizi hayo ni matamu, na mengine huenda yametiwa chumvi. Hata hivyo, yamefunika jambo zito zaidi katika maisha ya mwanasiasa huyu. Mara 3 alipoteza haki zake za kiraia. Mara 2 alirudishiwa, na mara zote 2 aliyezirudisha hakuwa hakimu.

Ngei alizaliwa mwaka 1923 huko Kiima Kimwe, karibu na mji wa Machakos. Alikuwa mjukuu wa Masaku, kiongozi mashuhuri wa Wakamba ambaye jina lake, baada ya kupindwapindwa na ndimi za Wazungu, ndilo lililozaa jina la mji huo. Kijana huyo alipata elimu iliyowapita wengi wa rika lake, akalitumikia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na aliporejea akawa mmoja wa Waafrika wa kwanza kuanzisha gazeti la lugha ya Kikamba, Wasya wa Mukamba. Kutoka kalamu hadi siasa hapakuwa mbali. Alijiunga na chama cha KAU, na kufikia mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa maofisa wa makao makuu.

Usiku wa kuamkia Oktoba 21 mwaka huo, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwatia mbaroni viongozi wengi. Sita kati yao walichaguliwa kushtakiwa kwa kuongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Achieng Oneko na Ngei, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo wa wote. Walipelekwa Kapenguria, kaskazini-magharibi, mahali ambapo mtu hakuweza kuingia bila kibali. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyeitwa mahsusi kwa kazi hiyo. Upande wa utetezi uliongozwa na wakili D. N. Pritt wa Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa Kenya na wengine waliotoka India, Nigeria na Jamaica. Aprili 8, 1953, Thacker aliwatia wote hatiani na kuwafunga miaka 7 kwa kazi ngumu.

Rufani zilizofuata zinastahili kutazamwa kwa makini. Mwezi Julai 1953 Mahakama Kuu ilikubali kwamba Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo mahali alipoisikilizia. Furaha ya washtakiwa haikudumu, kwani Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliubatilisha uamuzi huo. Januari 1954, rufani ilipogusia ushahidi wenyewe, mtu mmoja kati ya 6 aliondolewa hatia, naye ni Achieng Oneko wa Uyoma. Lakini hakurudi nyumbani. Alitolewa katika kifungo na kuingizwa kizuizini, akabaki huko hadi mwaka 1961. Mtu aliyesafishwa na mahakama alikaa utumwani kwa muda mrefu kama wale waliotiwa hatiani.

Ngei na wenzake walipelekwa Lokitaung, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan, katika jua kali na mchanga. Inasimuliwa kwamba siku moja askari alipotaka kumchapa Kenyatta viboko, Ngei alijitokeza na kumkinga mzee huyo kwa mwili wake. Wanahistoria wanajua pia kwamba maisha ya Lokitaung hayakuwa ya mapatano matupu, na kwamba wafungwa waligombana, wengine wakimgeuka Kenyatta. Iwe iwavyo, deni la aina fulani lilizaliwa huko baina ya wanaume hao wawili, na wote walionekana kuliheshimu hadi mwisho.

Mnamo 1958 ikatokea nafasi ya kuifungua kesi upya. Rawson Macharia, shahidi mkuu wa serikali dhidi ya Kenyatta, alikula kiapo cha maandishi akisema kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa uongo ulionunuliwa. Katika nchi nyingine kiapo kama hicho kingeirudisha kesi mahakamani siku hiyo hiyo. Kenya ya wakoloni ilimshtaki Macharia mwenyewe. Haikumshtaki kwa uongo aliodai kuusema Kapenguria, bali kwa kile kiapo kipya, na akafungwa. Mlango wa mahakama ukafungwa kwa kishindo, na tangu hapo hukumu ya Kapenguria haikufutwa na jaji yeyote.

Hukumu hiyo ilikuwa na mkia mrefu kuliko kifungo chenyewe. Sheria ilimzuia mtu aliyefungwa zaidi ya miaka 2 kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Kwa hivyo, Kenyatta alipoachiliwa Agosti 1961 na kushangiliwa na maelfu, hakuwa na ruhusa ya kuwa hata mjumbe wa kawaida wa baraza ambalo chama chake cha KANU kilikuwa na wajumbe wengi zaidi ndani yake. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ya Uingereza iliona aibu ya jambo hilo, ikakubali kizuizi kiondolewe. Januari 1962 Kariuki Njiiri alimwachia Kenyatta kiti chake cha Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na mzee akaingia barazani bila kupingwa.

Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya Kenyatta ndio alioupitia Ngei pia. Hatia yake ilibaki katika majalada vilevile, ila athari zake zilifutwa kwa mkono wa wanasiasa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Aliyetegemea kwamba mtu huyo angekaa kimya kwa shukrani alikosea. Novemba 1962 Ngei aliihama KANU na kuunda chama chake, African People's Party, na katika uchaguzi wa Mei 1963 akaubeba Ukambani mkononi kama mtu abebaye kapu lake la sokoni. Miezi michache baadaye, Septemba, alirudi KANU. Kenyatta hakumtupa. Alimpa kazi ya kusimamia uuzaji wa mahindi, na baadaye wizara ya vyama vya ushirika na masoko.

Huko nako kukazuka jambo. Nchi ilipokumbwa na uhaba wa mahindi mwaka 1965, ilidaiwa kwamba biashara ya mkewe ilinufaika kinyume cha kanuni. Ngei alisimamishwa kazi, na tume ikaundwa chini ya Jaji Chanan Singh. Baada ya tume kumaliza kazi yake mwaka 1966, waziri alirudishwa kwenye Baraza la Mawaziri, safari hii katika wizara ya nyumba. Wakati huo huo Achieng Oneko na Bildad Kaggia, wenzake wa Kapenguria, walikuwa wakiondoka KANU pamoja na Jaramogi Oginga Odinga kwenda kuunda chama cha KPU.

Tofauti ya njia hizo mbili ilikuja kuonekana baadaye. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969 baada ya ghasia na mauaji ya Kisumu. Odinga aliwekwa kizuizini hadi 1971, na Oneko hadi 1975. Hakuna mahakama iliyowatia hatiani kwa lolote. Hata hivyo, Odinga alipotoka alikuta kwamba hawezi kugombea ubunge, kwa kuwa njia ya pekee ya bungeni ilikuwa tiketi ya KANU na chama kilimnyima. Alizuiwa mwaka 1974 na akazuiwa tena mwaka 1979. Kwa wapiga kura wa Nyanza, kutoka Bondo hadi fuo za Sori na Karungu zilizokuwa wakati huo ndani ya wilaya ya Nyanza Kusini, hilo lilikuwa somo la wazi. Haki ya kuchaguliwa ingeweza kutoweka bila kesi, bila hukumu na bila karatasi ambayo mtu angeipeleka kwa wakili aikatie rufani.

Turudi Kangundo. Ngei alishinda uchaguzi wa Oktoba 1974, lakini mpinzani alikwenda mahakamani. Mwaka 1975 majaji walimkuta na kosa la uchaguzi. Ushindi wake ulibatilishwa, na kwa mujibu wa sheria ripoti ya mahakama ya uchaguzi ilimzuia kugombea tena kwa miaka 5. Waziri alikuwa na umri wa miaka 52. Kukaa nje miaka 5 kulikuwa karibu sawa na kuzikwa kisiasa.

Kenyatta alitaka kumsamehe, na hapo ndipo alipokwama. Rais alikuwa na mamlaka ya kikatiba ya kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani katika kesi ya jinai, kumpunguzia adhabu au kuifuta kabisa. Lakini kesi ya kupinga uchaguzi si kesi ya jinai. Mshindwa hafungwi wala hapewi hukumu ya kawaida. Mahakama huandika ripoti, na sheria yenyewe humwekea mtu kizuizi kutokana na ripoti hiyo. Msamaha wa Rais haukuwa na pa kushika. Kwa maneno mengine, muuaji angeweza kusamehewa na mkuu wa dola, lakini si mtu aliyechezea uchaguzi. Kuna wanaoona kwamba waliotunga sheria hiyo walijua walichokuwa wakifanya, kwa sababu atakayenufaika na kosa la uchaguzi mara nyingi huwa ni rafiki wa serikali.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ni kuipanua Katiba. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alileta mswada uliompa Rais uwezo wa kumwondolea mtu, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kizuizi kilichotokana na ripoti ya mahakama ya uchaguzi, iwe ni kizuizi cha kuandikishwa kuwa mpiga kura au cha kuteuliwa kugombea. Mabadiliko hayo yalipewa nguvu ya kurudi nyuma, ili yamfikie mtu ambaye tayari alikuwa amekwisha kutiwa hatiani. Yakapita siku ile ile. Ngei alisamehewa, akarudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Kangundo, na akarudi katika Baraza la Mawaziri.

Bunge lililokuwa na haraka hiyo lilikuwa ni lile lile ambalo Oktoba 15, miezi 2 tu kabla, polisi waliingia katika majengo yake na kuwachukua Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney. Kosa lao lilikuwa ni kusema ndani ya ukumbi kwamba KANU imekufa, na Seroney, aliyekuwa naibu wa spika, kukataa kumtaka mwenzake alithibitishe jambo ambalo kila mtu aliliona. Mwezi Machi mwaka huo huo mbunge J. M. Kariuki alikuwa ameuawa. Shikuku na Seroney walikaa kizuizini hadi Desemba 1978, Kenyatta akiwa amekwisha kufariki na Daniel arap Moi akiwa amechukua madaraka. Hakuna aliyependekeza Katiba ibadilishwe alasiri moja kwa ajili yao.

Si haki kusema kwamba msamaha wenyewe ulikuwa jambo baya. Nchi zote zenye busara huacha mlango wa kumrudisha mkosaji katika jamii baada ya adhabu. Uingereza ilipitisha mwaka 1974 sheria inayoruhusu makosa ya watu wengi kuhesabiwa kuwa yamekwisha baada ya miaka kadhaa ya mwenendo mwema, na Afrika Kusini nayo ina utaratibu wa kufuta baadhi ya rekodi za jinai kwa maombi. Hitilafu ya mwaka 1975 ilikuwa kwamba mlango ulikatwa kwa kipimo cha mabega ya mtu mmoja. Ngei hakusubiri miaka, hakuonyesha toba, wala hakuomba mbele ya kamati yoyote. Alikuwa na rafiki Ikulu aliyemjua tangu Lokitaung.

Mtu wa kawaida hakuwa na rafiki huyo. Chukua mfano wa mvuvi wa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, aliyefungwa miezi kadhaa kwa kosa la nyavu zilizokatazwa au kwa ugomvi wa ufukweni. Anapomaliza kifungo na kwenda kutafuta kazi Migori au Kisumu, mwajiri humwambia alete cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Alama zake za vidole zimehifadhiwa Nairobi. Kosa lililokwisha kulipiwa gerezani huanza kulipiwa upya kila anapobisha hodi ofisini. Hata akitaka kuwania uongozi, historia hiyo hutangulia mbele yake.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuuondoa upendeleo wa mtu mmoja. Rais angali na mamlaka ya kusamehe, lakini hayatumii peke yake. Mtu yeyote anaweza kuwasilisha ombi, nalo husikilizwa na kamati ya ushauri yenye Mwanasheria Mkuu, waziri anayehusika na magereza, na watu wengine wasiopungua 5 ambao si watumishi wa umma. Kamati inaweza kuzingatia maoni ya waliokosewa. Rais hufuata ushauri wake. Sheria ya mwaka 2011 ikaeleza utaratibu. Kwa upande wa uchaguzi, aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi hawezi kuandikishwa kuwa mpiga kura kwa miaka 5, na aliyehukumiwa kifungo cha miezi 6 au zaidi hafai kuwa mbunge akingali anatumikia hukumu hiyo, mradi nafasi zote za rufani zimekwisha. Maneno yale kuhusu ripoti ya mahakama ya uchaguzi, ambayo Njonjo aliyaingiza kwa ajili ya Ngei, hayamo tena. Sheria ya jumla ya kufuta rekodi za watu wazima haikuja pamoja na Katiba hiyo. Mvuvi yule anaweza sasa kuandika ombi, jambo ambalo mwaka 1975 lisingemfaa kitu, lakini cheti chake cha polisi ni suala jingine.

Ngei aliendelea kuwa waziri chini ya Moi, akihamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine kwa zaidi ya mwongo mmoja. Katika Ukambani alibaki mfalme asiye na taji. Vijana waliozaliwa baada ya uhuru walimwona kama mlima ambao daima umekuwepo. Alikuwa na familia kubwa, mashamba, wageni wasiokwisha, na mkono usioweza kumnyima mtu pesa hata pale ambapo pesa hizo hazikuwa zake. Wadai nao waliongezeka. Kwa muda mrefu walisita kumshtaki waziri mwenye nguvu, na waliomshtaki walichoka njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakusita tena. Mahakama ilimtangaza kuwa mufilisi, na Katiba ilisema wazi, kama isemavyo hata leo, kwamba mufilisi ambaye hajaondolewa hali hiyo hawezi kuwa mbunge. Alipoteza kiti, na pamoja na kiti uwaziri. Hii ilikuwa mara ya tatu. Kenyatta alikuwa amekufa tangu Agosti 1978. Moi hakuita Bunge alasiri. Na hata angeliita, si rahisi kuona angefanya nini, kwa sababu kinachomfanya mtu kuwa mufilisi ni deni kwa watu wengine, na Rais hawezi kusamehe deni lisilo lake. Wanaoweza kulisamehe ni wadai, na hao hawakuwahi kulala naye Lokitaung.

Siasa za vyama vingi zilirudi nchini bila yeye. Oneko, aliyefutiwa hatia mwaka 1954 na kufungiwa miaka ile yote, alichaguliwa kuwa mbunge wa Rarieda mwaka 1992, akiwa na zaidi ya miaka 70. Odinga alichaguliwa Bondo mwaka huo huo. Ngei alikuwa nyumbani, akisumbuliwa na ugonjwa wa kisukari uliomnyang'anya miguu na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Wanasiasa wa Ukambani waliendelea kumtembelea, hasa msimu wa uchaguzi ulipokaribia, ili wapigwe picha pamoja naye.

Alifariki Agosti 15, 2004, akiwa na umri wa miaka 80. Kifungu cha Katiba kilichotungwa kwa ajili yake kilidumu baada yake kwa miaka 6, hadi Agosti 27, 2010.